Kabila tulichanganyika, mifuko haikuchanganyika

Swali lenu la wiki hii mmeuliza shule tulizosoma zilikuwa na mchanganyiko gani wa watu na kama ulitusaidia. Mi naona inategemea unahesabu nini, manake kila shule niliyopita ilichanganya kitu kimoja ikaacha kingine.

Msingi nimesoma Newala, kijijini. Darasa zima Wamakonde, Waislamu wengi na Waanglikana wachache, na Kimakonde kinapigwa mpaka mwalimu atokee mlangoni. Ila mtoto wa mganga wa zahanati, mtoto wa mtendaji na mtoto wa mama anayeenda kuokota korosho kwenye mashamba ya watu wote dawati moja, kwa sababu shule ilikuwa hiyo hiyo, nyingine hakuna.

2008 nikaja kwa mama mdogo Mbagala nikaanza fom wan shule ya kata, zile zilizojengwa kwa kasi wakati wa MMES, ule mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari. Hapo kabila zote unazozijua, Wazaramo, Wandengereko, Wangoni, Wachaga, hakuna aliyejali. Lakini mwenye hela humuoni. Asubuhi tunapishana na mabasi ya njano yanapeleka watoto wa mtaa huo huo inglishi midiamu, tunakaa nyumba ya tatu na hatujuani majina. Hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo, kwa sababu watu wanafikiri Dar imechanganyika, kumbe imechanganyika kwa kabila tu.

Fom faivu ndo nikaona nchi. Serikali ikanipanga shule ya wasichana mkoani Tabora, bweni moja unakuta Mhaya wa Muleba karudi likizo na kopo la senene, Msukuma wa Bariadi, Mmasai wa Longido, mi na korosho zangu kwenye tranka. Kulikuwa na mtoto wa mhasibu na mtoto wa mama ntilie, ugali na maharage yale yale. Wa visiwani tu ndo hakuwepo, manake Zanzibar wana wizara yao ya elimu.

Na kulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino, katokea Shinyanga. Mi habari za mauaji ya watu wenye ualbino nilikuwa nazisikia redioni, nasikitika halafu maisha yanaendelea. Sasa huyu analala kitanda cha chini yangu, na usiku akitaka kwenda chooni anagonga chuma cha kitanda mara mbili, nashuka, tunamwamsha na mwingine, tunaenda watatu na tochi. Hakuna mwalimu aliyetupangia. Kwenye prepo anakaa mbele kabisa kwa sababu ya macho, na aliyekaa naye anamsomea ubaoni kwa sauti ya chini. Akatuambia kwao mama yake alikuwa halali mpaka yeye alale. Redio haikuwahi kuniambia hilo.

Baba yangu anasema enzi zao ilikuwa zaidi, baada ya serikali kuzichukua shule za misheni na za Wahindi kwa sheria ya 1969, unaweza kukuta mtoto wa waziri na wa mkulima darasa moja na haikuwa ajabu. Mi simlilii mtu shule za kata zifungwe, bila hizo mabinti wengi wa kwetu wangeishia la saba. Ninachodai ni bweni za serikali za fom faivu zitunzwe, maji yawepo, walimu wawepo, ili hata mwenye hela asione aibu kumpeleka mwanae.

Sasa hivi mwanangu yupo la pili, inglishi midiamu, basi la njano linampitia. Nimemwambia baba yake akifika fom faivu aende serikali na aende mbali. Baba yake hataki kusikia, bado tunabishana, na wasomaji mliopeleka watoto huko miaka hii ya karibuni naomba mniambie hali ikoje.