Jibu: Ambedkar hakuwa Mdalit peke yake kwenye Bunge la Katiba

Mkuu, umeuliza kama Ambedkar, yule mwanasheria aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu, ndiye Mdalit pekee (mtu wa jamii zilizoonwa najisi na kuwekwa chini ya matabaka ya Kihindu) aliyekuwemo kwenye Bunge lililoandika Katiba ya India. Hapana. Walikuwemo wengine, na mwanamke wa Kidalit alikuwa mmoja tu: Dakshayani Velayudhan.

Alizaliwa 1912 kisiwani Mulavukad, jirani na mji wa Ernakulam, Kerala, kusini mwa India, katika jamii ya Wapulaya, mojawapo ya jamii za Wadalit. Watu wake walikatazwa kukusanyika nchi kavu mjini, basi mwaka 1913 wakafunganisha mitumbwi na kufanya mkutano wao juu ya maji! Hapo ndipo uone alikotoka.

Chuoni alisoma kemia. Majaribio ya maabara yakifanyika, yeye hakuruhusiwa kusogea. Aliyatazama kwa mbali, akaibia ibia hivyo hivyo mpaka akapata shahada. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kidalit kuhitimu chuo kikuu India. Akafundisha shule, kisha 1945 akaingia baraza la kutunga sheria la Cochin, dola ya huko kwao,, na 1946 Bunge la Katiba, akiwa na miaka 34.

Wengi wanadhani alikuwa mfuasi tu wa Gandhi, kwa kuwa Gandhi alihudhuria harusi yake. Mimi sikubaliani. Kweli alipinga Wadalit kupiga kura peke yao kuchagua wawakilishi wao, kama Gandhi alivyopinga, na hapo akatofautiana na Ambedkar, lakini aliunga mkono kwa nguvu Ibara ya 17 ya Katiba, ile iliyopiga marufuku kumwona mtu najisi. Alifariki 1978.