Bunda la sarafu la urithi: lifungue, lakini usilifungue peke yako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji kutoka Newala. Bibi yake amefariki, arobaini imeshapita, na kwenye sanduku la bati, chini ya khanga, wamekuta bunda la sarafu lililoviringishwa kwa karatasi ya kaki. Ncha moja inaonekana simba na mwaka 1952, ncha ya pili kichwa cha mfalme. Kaka yake anataka lifunguliwe leo hii. Shemeji anasema yupo mtu Dar anayelinunua likiwa limefungwa hivyo hivyo, tena kwa bei nzuri, ila likishafunguliwa bei inaanguka. "Dada, wewe ulishapitia haya," ameandika. "Tufanyeje?"

Nilipitia kweli, na mpaka leo hayajanitoka moyoni.

Babu mzaa mama alikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Lindi, enzi za Mwingereza. Vibarua walifanya kazi kwa kipande: ukitimiza siku 30 za kazi kadi imejaa, unakwenda dirishani kwa karani unahesabiwa chako. Chenji ya kuwalipa ilikuja kutoka benki ikiwa imepangwa sarafu juu ya sarafu na kuviringishwa karatasi. Babu alipofariki aliacha mabunda mawili ndani ya kasha. Ukoo mzima uliyaita "rupia za Mjerumani". Sisi wajukuu tumekua tukisikia kwamba siku yakifunguliwa, kila mmoja atajenga nyumba ya bati.

Sikuwa na moyo wa kubisha mbele ya wakubwa, lakini hesabu ilikuwa haikai sawa kichwani mwangu. Rupia ya Mjerumani, ile yenye Kaiser Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma, ilianza kutolewa 1890, na utawala wa Wajerumani ukavunjika kwenye vita vya kwanza vya dunia. Shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Babu alianza ukarani baada ya hapo. Rupia za kujaza bunda zima angezitoa wapi? Kwa hiyo, kabla hujauliza bunda lina nini, uliza aliyelifunga alifanya kazi gani na mwaka gani. Swali hilo halina gharama na linapunguza nusu ya maneno.

Bunda la kwanza hatukuliona tena. Mjomba mmoja, mpwa wa babu, alisimama kwenye kikao akasema kwa mila ya Kimwera mali ya mjomba ni ya mpwa, akalichukua. Baadaye tukasikia ameliuza kwa mfanyabiashara, likiwa limefungwa. Alilipwa pesa gani hakusema, na mama na ndugu zake hawakupata hata senti. Kilichoniumiza zaidi ya pesa ni kwamba hakuna atakayejua ndani mlikuwa na nini. Kila msimu wa korosho ukienda vibaya, bunda lile linapanda thamani midomoni mwa watu. Nimesikia lilikuwa na dhahabu ya Tabora, zile sarafu za rupia 15 zenye tembo ambazo Wajerumani walizigonga mwaka 1916 kwenye karakana ya reli walipozidiwa na vita. Dhahabu ya Tabora kwenye chenji ya vibarua wa mkonge! Lakini kitu kilichouzwa kimefungwa hakina jibu, na ndugu wawili hawasalimiani mpaka leo.

Bunda la pili nililisimamia mimi, na ninajivunia nilivyolisimamia.

Lilikuwa la sarafu zenye tundu, senti 10, zile kubwa zenye pembe mbili za ndovu. Sarafu ya juu ilikuwa ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfanyabiashara mmoja alipoona picha alipiga simu usiku: mfalme huyo hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, sarafu zake ni adimu, msifungue, naleta pesa. Nusu ya maneno yake ni kweli. Edward alitawala Januari hadi Desemba 1936, na kwa kuwa sarafu zenye tundu hazina kichwa cha mfalme, zake ziliwahi kutoka zikiwa na jina tu. Lakini zilitolewa kwa mamilioni. Nyingine zina herufi ndogo H, nyingine KN, za viwanda vya Birmingham vilivyozigonga. Ziko nyingi mno.

Sikulifungua. Nilimpa mdogo wangu tochi ya simu aishike kwenye ncha moja, mimi nikachungulia ncha ya pili, kwa sababu karatasi ilikunjwa pembeni tu na katikati pako wazi. Nikaona kiduara cha mwanga, kidogo kama punje ya mtama. Maana yake kila sarafu mle ndani ina tundu. Hakuna rupia ya fedha, hakuna shilingi, hakuna dhahabu, maana yoyote kati ya hizo ingeziba njia. Ndoto ya nyumba za bati ikaishia pale, na karatasi bado haijaguswa.

Ndipo nikawaita wote. Ijumaa baada ya swala, mkekani, barazani kwa mama: wajomba, mama wadogo, na walioko Dar wakaangalia kwa simu ya video. Kwanza nilipiga picha ncha zote mbili kwa karibu. Kwenye mkunjo wa karatasi palikuwa na mstari wa vumbi jeusi lililogandamana, na ulipopinda mkunjo ule mstari ulikuwa haujakatika hata mahali pamoja. Picha hiyo ndiyo iliyoniokoa. Siku mbili hazikupita binamu akaanza kunong'ona kwamba nililifungua usiku, nikatoa za maana na kurudishia takataka. Mimi, niliyemuuguza babu! Nikaituma picha kwenye kundi la familia, nikamwambia anioneshe ulipokatika. Hakujibu, na hajaniomba radhi.

Ndani mlikuwa na senti 10 kama mwanga ulivyosema. Za nchani zilikuwa nyeusi zenye kutu ya kijani, hewa yetu ya chumvi mnaijua. Za katikati zilikuwa nyekundu zinang'aa, hazikupita mkononi mwa mtu. Katikati kabisa ilikaa moja ndogo kuliko wenzake, nyeupe: heller 10, chenji ya Mjerumani, ya 1911, yenye herufi A ya kiwanda cha Berlin. Nayo ina tundu, ndiyo maana mwanga ulipita. Babu aliipenyeza mwenyewe, sina shaka. Haina bei kubwa, lakini mama aliibusu.

Sasa turudi Newala. Ndugu yangu, shilingi za simba hazina tundu, tochi haitakusaidia. Nenda kwa sonara ulipime. Shilingi moja ina gramu 7.8 hivi, kwa hiyo bunda la sarafu 20 litakuwa kama gramu 156 ukiacha karatasi. Kisha pitisha kidole taratibu ubavuni: rupia ni pana kuliko shilingi, ingekuwemo ungeisikia imetokeza. Mizani haitakwambia kama kuna za fedha, maana uzito haukubadilika. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Za kabla yake zina robo tu. Hata zote 20 zikiwa za zamani, fedha halisi mle haizidi gramu 39. Rupia nne za Mjerumani zinaishinda, maana moja ina gramu 11.66 na karibu yote ni fedha. Mwambie shemeji hesabu hiyo kwa sauti, mbele ya watu.

Huyo mnunuzi wa Dar hanunui sarafu, ananunua kutojua kwenu. Neno "halijaguswa" halina ushahidi: bibi angeweza kulifungua na kulifunga tena mwaka 1970, na wapo wanaopanga mabunda yao wenyewe, wanaweka sarafu nzuri nchani na za ovyo katikati. Mnunuzi anayejua kazi yake anajua hivyo, ndiyo maana bei yake "nzuri" haitakuwa nzuri kwenu.

Na kabla ya yote, bunda hilo bado si la kaka yako wala la shemeji. Ni mali ya marehemu. Nendeni Mahakama ya Mwanzo iwateulie msimamizi wa mirathi, liandikwe kwenye orodha ya mali kama lilivyo, na uzito wake. Mkifuata sheria ya Kiislamu au mila, semeni mapema, msingoje sarafu zionekane ndipo kila mtu akumbuke mila inayompendelea. Yaliyotupata sisi yatoshe.

Siku ya kufungua, kunjueni karatasi kutoka ncha moja, msiikate kwa wembe, na muihifadhi. Sarafu shikeni ukingoni. Msizisugue! Mama mdogo alishaandaa ukwaju na majivu kama anakwenda kusafisha sufuria, nikamshika mkono. Sarafu iliyosuguliwa imepoteza sura yake na bei yake. Zikae kwenye bahasha kavu za karatasi, si mifuko laini ya nailoni.

Ila wenye sarafu zilizookotwa ardhini, hasa watu wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yenu si haya. Vile visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa ni urithi wa nchi: sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa hapa kabla ya 1863. Vipelekeni kwa watu wa Mambo ya Kale, msimuuzie mtalii.

Dada wa Newala, ukishapima niandikie uzito. Kaka yako akikataa kungoja mahakama, lipeleke likakae kwa imamu au kwa mzee ambaye hamo kwenye mirathi, na aandike kwa mkono wake kwamba amelipokea likiwa limefungwa.