Ukuta au mikoko kwenye ufuo unaoliwa na bahari?

Ndugu, umeuliza kama ujenge ukuta wa zege au upande mikoko pale ufuo unapomegwa. Tafuta kwanza kinachoondoa mchanga: huenda unachimbwa kwa ujenzi, umezuiwa na bwawa mtoni, au gati la jirani limekatiza mkondo unaouleta. Ukuta wima hurudisha nguvu ya wimbi chini, ukachimbika msingi wake wenyewe na kuhamishia mmomonyoko pembeni. Nisingeanza nao isipokuwa kuna nyumba zilizo hatarini sasa hivi.

Mikoko nayo haioti popote. Hustawi takriban kati ya usawa wa wastani wa bahari na kikomo cha maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko siku za kawaida. Ikipandwa chini zaidi, kwenye tope linalofunikwa kwa saa nyingi, miche mingi hufa, na inaniuma kuona jasho la watu likipotea hivyo. Mara nyingi hutosha kuzibua mifereji ya maji iliyozibwa na kukomesha ukataji, kisha mbegu zinazoletwa na maji hujiotea zenyewe. Penye mchanga mtupu na mawimbi makali, linda matumbawe na nyasi za baharini zilizo mbele ya ufuo, kwa kuwa hupunguza nguvu ya wimbi kabla halijafika.