Senga, TV tuiweke pale palipokuwa altare?

SWALI: Shikamoo Senga, shangazi yetu wa ushauri. Tumehamia fleti hapa Jinja, Uganda, jengo lenyewe zamani lilikuwa kanisa dogo la Wakatoliki, mwenye nyumba kaligawa fleti nne na sisi tumepata upande wa mbele, yaani ukuta wa altare, ile meza ya misa, ndo ukuta wa sebule yetu. Dari iko juu kama ghorofa mbili, watoto watatu wakianza kelele hata simu siwezi kupokea. Chini ya dirisha tulipaka rangi mwezi wa tatu, saa hizi inabanduka na kutoa unga mweupe. Mume wangu anataka TV kubwa ikae pale pa altare kwa sababu ukuta ni mpana. Mama mkwe alipokuja na kusikia hayo akakataa kuingia, akala chakula chake kibarazani. Nifanye nini? – Mama wa watatu, Jinja

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mama mkwe, maana rangi inaweza kungoja lakini mzee kula nje hapana.

Kwa Wakatoliki kanisa haligeuki nyumba eti kwa sababu mtu kalinunua. Askofu ndo anatoa amri litumike kwa mambo ya kawaida, na sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1222, inataka matumizi hayo yasiwe ya aibu. Familia kula na kulala si aibu. Ila altare ni habari nyingine, kanuni ya 1238 inasema altare haipotezi baraka yake hata kanisa likibadilishwa matumizi, kwa hiyo nendeni parokiani, wewe na mumeo, muulize kama amri ilitoka na altare ilihamishwa, halafu jibu mumpelekee mama nyumbani kwake, sio kwa simu.

Kuhusu TV, mimi niko na mama. Jengo zima lilijengwa ili ukiingia tu macho yaende pale mbele, sasa ukitundika TV hapo kila mgeni ataiangalia hata ikiwa imezimwa. Iweke ukuta wa pembeni, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Pale mbele ningeweka meza ya kula, maana altare nayo ni meza, lakini muulizeni mama kwanza, akisema hapana pawe na kabati la vitabu na maua basi.

Kelele sasa. Chumba kirefu chenye kuta ngumu sauti inazunguka tu haina pa kufia, kwa hiyo weka vitu laini: mikeka na zulia juu yake, mapazia mazito, makochi ya kitambaa sio ya ngozi. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote, lubugo, kile kitambaa cha gamba la mti wa mutuba. Ule ufundi wa kukitengeneza UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu, na wengi wetu tunakikumbuka mazishini tu, inaniuma! Nunua vipande vikubwa, vile vyenye rangi ya kutu ambavyo ukisogea karibu unaona viraka vilivyoshonwa kwa mkono pale gamba la mutuba lilipotoboka, uvitundike kwenye ubao mwembamba viachane na ukuta kama sentimita kumi. Hiyo nafasi ya nyuma inasaidia kumeza sauti na ukuta unapumua. Ila wapo wazee ambao lubugo kwao ni sanda, na huyo mama tayari ana dukuduku, kwa hiyo mwonyeshe kabla hujatundika.

Ule unga mweupe ni chumvi, maji yanapanda kutoka chini au yanaingia kutoka nje. Kuta za zamani mara nyingi matofali yake yameunganishwa kwa chokaa au udongo, zinavuta unyevu na kuutoa, sasa fundi akipiga plasta ya simenti na rangi ya plastiki juu yake unyevu unakosa njia, unasukuma rangi ibanduke. Usipake tena! Kwanza angalia nje mfereji wa mabati kama unamwaga ukutani na kama udongo umepanda juu ya msingi, rekebisha hivyo, acha ukuta ukauke, hata miezi, ndo uzibe kwa plasta ya chokaa na upake chokaa. Na tafadhali mwanangu, rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, hayo yanaharibu akili za watoto, kwa hiyo msipige msasa mkavu, lowesheni maji, watoto wawe kwa bibi siku hiyo.

Dari msiishushe kwa bodi, mtapoteza ule ubaridi wa jengo. Shusheni taa tu kwa waya mrefu mpaka sentimita 75 hivi juu ya meza, usiku mtakaa kwenye mwanga wenu na kule juu kutabaki giza zuri.

Mkitoka parokiani niandikie mama kasemaje.