Kabla ya Majivu, Ulizeni Nani Hatakuwepo

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu wa jumuiya, Kwaresima niliipanga vizuri mno kwenye karatasi. Ratiba niliichapisha stationari, nikaigawa nyumba kwa nyumba: Jumatano ya Majivu Misa ya saa 12 asubuhi, Njia ya Msalaba kila Ijumaa saa 11 jioni, jumuiya Jumamosi alfajiri kama kawaida, mafungo wiki ya tano, bahasha zirudi kabla ya Jumapili ya Matawi. Siku ya majivu ilipofika, kati ya familia 22 za jumuiya yetu, zilizotokea ni 9. Jumamosi yake nikafanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Nilisoma majina ya wasiofika mbele za watu, nikaongezea na maneno kuhusu Wakristo vuguvugu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akainuka, akajitanda khanga yake vizuri, akatoka. Mwezi mzima hakurudi.

Nilimfuata Kibirizi, mwaloni, pale mitumbwi ya dagaa inapotia nanga hapa Kigoma. Nilimkuta ameinamia kichanja, dagaa wabichi wamemwagwa juu ya wavu, anawatawanya kwa viganja ili wasigandane, na kila mara anainua macho kutazama wingu lililokuwa linapanda kutoka upande wa Kongo. Kazi hakuiacha. Alinisalimu kwa heshima, akanisogezea ndoo niikalie, kisha akasema bila ukali wowote: "Katibu, siku ile mitumbwi ilitia nanga saa 12 kamili. Nimenunua kwa hela ya mkopo. Mvua ikiwakuta hawajakauka, nimekwisha. Ningemwachia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikunja mikono ya gauni nikaanza kutawanya naye, na katika saa mbili zile nilijifunza kitu ambacho kila mvuvi wa Kigoma anakijua, ila mimi niliyekulia Mwanga ya mjini hapahapa sikuwahi kukiunganisha na Kwaresima.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, mwanga wa taa unawavuta na mitumbwi inajaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu tena, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Sasa angalieni kalenda ya Kanisa. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Rudi nyuma siku 46 uifikie Jumatano ya Majivu, unajikuta kwenye mwezi mchanga. Mwaka 2024 ilikuwa 14 Februari, mwaka 2025 ikawa 5 Machi, mwaka 2027 ni 10 Februari, na miaka yote hiyo mitatu mwezi unakuwa na siku chache tu tangu uandame. Maana yake siku ya majivu huku kwetu inaangukia gizani, wakati ziwa lina kazi kuliko wakati wowote. Baba yuko majini usiku kucha, mama yuko kwenye vichanja tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nimewaita watu saa ileile mitumbwi inapofika ufukweni, halafu nikawaita vuguvugu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa viongozi wa jumuiya, na ndio ninaouthamini kuliko yote nitakayoandika hapa: wiki mbili kabla ya majivu, kabla hamjaandika saa hata moja kwenye ratiba, kaeni mkaulizane nani hatakuwepo na kwa nini. Msiulize kwa kutafuta makosa. Ulizeni kama mnavyouliza wageni wa harusi watalala wapi. Kwetu ni wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Kwenye jumuiya nyingine ni manesi wa zamu ya usiku, walinzi, vijana wa bodaboda, au watu wa Kasulu na Buhigwe ambao mvua ikinyesha wanawahi shambani. Katika mazungumzo hayohayo watatajwa wazee wasiotoka nyumbani na wagonjwa wanaohitaji kuletewa Komunyo. Andikeni majina yao kabisa mpelekeeni paroko mapema. Paroko mwenye vigango vingi hawezi kubahatisha nani amelala kitandani nyuma ya soko.

Kwetu tulikwenda watatu kumwomba paroko Misa ya pili ya majivu, saa 9 alasiri, baada ya dagaa kuanuliwa na kabla mitumbwi haijaondoka. Alikubali papo hapo. Alitueleza pia mambo mawili ambayo wengi hatukuyajua. Kwanza, Jumatano ya Majivu si sikukuu iliyoamriwa, hivyo aliyeshindwa kufika kwa sababu ya kazi hajatenda dhambi, na hakuna mwenye haki ya kumsoma jina. Pili, majivu yakishabarikiwa, mhudumu mlei anaweza kusaidia kuyapaka. Kwa hiyo kigango kisicho na padre siku hiyo kinaweza kuwa na ibada ya Neno na katekista, watu wakasikia ule mwito wa nabii Yoeli wa kurarua mioyo wala si mavazi, wakapakwa majivu yao kama wenzao.

Mafungo na kitubio cha pamoja tuliviondoa wiki ya tano, tukavisogeza hadi wiki ya mbalamwezi. Mbalamwezi ya kwanza ndani ya Kwaresima huja karibu na Jumapili ya pili, ile ambayo Injili yake ni Bwana kugeuka sura mlimani. Wiki hiyo wanaume wako nyumbani, hawana haraka, na wamelala usiku. Ndiyo wiki ya kuwaleta kwenye maungamo. Mbalamwezi inayofuata ni ya Juma Kuu lenyewe, hapo kila mtu anakumbuka dhambi zake siku moja, foleni inazunguka kanisa na padre ana dakika mbili kwa kila roho. Mzee wa makamo ambaye hajaungama miaka kumi anahitaji zaidi ya dakika mbili.

Kuhusu kufunga, niseme wazi kwa sababu kila mwaka naona watu wanaumia bure. Sheria ya Kanisa ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi watimize 59: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo ikijumlishwa haifikii ule mmoja. Kuacha nyama Ijumaa kunaanza miaka 14. Maji ni ruhusa. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye dawa za kumezwa na chakula wasijilazimishe. Nimewahi kumshika mkono dada aliyeanguka kanisani Ijumaa Kuu kwa sababu alimeza dawa zake tumbo likiwa tupu, akiamini Mungu atafurahi. Viongozi wa jumuiya, yasemeni haya kwa sauti kabla ya majivu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ataona aibu kuuliza.

Lakini wepesi wa sheria una mtego wake hapa Kigoma. Tunaambiwa Ijumaa tuache nyama, na samaki anaruhusiwa. Jamani, sisi nyama tunakula mara ngapi? Mboga yetu ya kila siku ni samaki. Ugali wa muhogo na mgebuka aliyeungwa kwa mawese mapya, yale mekundu yanayoacha rangi kwenye vidole, hicho ni chakula cha kumpa mkwe. Mtu anakula hivyo Ijumaa ya Kwaresima, anajifuta mdomo, anasema amefunga. Sheria ameitimiza, lakini hajaguswa popote. Nyumbani kwangu tuliamua Ijumaa ni siku ya sombe, yaani kisamvu, au maharage yasiyo na mafuta mengi, na hela ambayo ingenunua mgebuka inaingia kwenye kibubu pale pale, sarafu zikisikika zinaanguka. Watoto ndio wasimamizi wakali kuliko sisi. Pasaka ikikaribia kibubu kinavunjwa, na wao ndio wanaochagua nani apelekewe. Mwaka mmoja walimchagua mpika vitumbua wa pale kona ambaye mtaji wake ulikuwa umeliwa na matibabu ya mtoto. Mimi nisingemfikiria, nilikuwa nimezoea kumwona kila asubuhi.

Bahasha ya Kwaresima ya parokia tunaitoa pia, na tunaitoa kwa moyo. Ninachoomba tu ni kwamba isichanganywe na madeni ya ujenzi, mchango wa gari la parokia na vingine vinavyodaiwa toka mwaka jana. Sadaka ya Kwaresima inapaswa kutoka kwenye kile ulichojinyima. Ikisomwa pamoja na orodha ya wadaiwa inageuka kodi, na maskini wa jumuiya, ambaye ndiye alipaswa kusaidiwa na sadaka ile, anaanza kujificha siku za jumuiya.

Tuna jambo jingine ambalo parokia za sehemu nyingi hawanalo. Ujiji na mitaa yetu mingi ya mjini tunaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu, na miaka hii Ramadhani na Kwaresima zinafuatana. Mwaka 2025 wenzetu walitangulia siku chache tu kabla ya majivu yetu. Jirani yangu alimtuma mwanawe na bakuli la futari jioni ya Jumatano ya Majivu, akijua kuwa na mimi nimefunga. Nilipokea, nikampelekea siku ya pili yake ndizi zilizoiva. Nawasihi vijana wetu waache mashindano ya nani anafunga kweli. Mfungo wa mwenzako una kanuni zake, wa kwako una zake. Ila ukimwona mtu anaamka kula daku saa 10 usiku kila siku kwa ajili ya Mungu wake, na wewe kuamka nusu saa mapema kusali unaona mzigo, hapo una la kujiuliza mwenyewe chumbani kwako.

Maandalizi ninayoyapenda kuliko yote ni ya matawi. Jumapili ya Matawi sisi tunabeba makuti ya mchikichi, kwa kuwa ndiyo yaliyopo nyuma ya kila nyumba, na mwaka mzima yanakaa yamechomekwa nyuma ya msalaba wa ukutani au juu ya mlango. Jumapili ya mwisho kabla ya majivu tunayarudisha parokiani. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa parokia, ndio wanaopita kuyakusanya. Mwaka jana nilimsaidia katekista kuyachoma. Yaliyokauka sawasawa yanashika moto mara moja na kulia kama mvua kwenye bati. Yale yaliyovujiwa na paa yanatoa moshi tu, unayatenga. Kilichobaki karaini kinapondwa, kinachekechwa kwa kitambaa chepesi mara mbili, na lile lundo lote lililojaza kiroba linageuka unga mweusi wa kutosha kikombe kimoja. Mwanangu alishika kile kikombe, akauliza: "Mama, na la kwetu limo humu?" Limo. Mpeni mtoto kazi hii, na padre atakapompaka majivu na kumwambia kuwa yeye ni mavumbi, atakuwa anajua yametoka nyumba gani.

Na wale walionuniana. Kila jumuiya inao, na kila mmoja anajua ni akina nani. Kwetu zilikuwa familia mbili zilizogombania mpaka wa kiwanja hadi zikawa zinakaa pande mbili za kanisa. Msijaribu kuwapatanisha kwenye kikao, mtawavua nguo. Wazee wawili wanaoheshimika waende jioni, nyumba hii kisha ile, wakae, wanywe chai, warudi tena wakishindwa. Ilituchukua safari nne. Mpaka ule bado una utata hadi leo, lakini wanasalimiana, na mama wa nyumba moja alishika mshumaa wa mtoto wa nyumba nyingine kwenye ubatizo wa Mkesha wa Pasaka.

Mimi nilikuwa na wangu wa kupatana naye. Nilisimama kwenye jumuiya, pale pale niliposomea majina, nikamwomba msamaha yule mama wa mwaloni akiwa hayupo, kisha nikaenda kumwomba akiwepo. Alicheka kidogo akasema yalishapita. Mwaka uliofuata, tulipokaa kupanga, ndiye aliyenyosha mkono: "Ijumaa ya kwanza, Njia ya Msalaba ifanyike kwangu. Si nyumbani. Mwaloni."

Tulianza saa 9 na nusu. Msalaba wa mbao tuliuegemeza kwenye kichanja kilichoanuliwa, tukapita kituo kwa kituo katikati ya nyavu na madumu, harufu ya dagaa imetujaa nguoni. Wengine waliokuwa wanapima mizigo yao walinyamaza tulipopita. Kituo cha 14 kilitukuta ukingoni mwa maji, vijana wakipakia taa na betri mitumbwini. Wawili walivua kofia wakabaki wamesimama ndani ya maji, taa mkononi, hadi sala ya mwisho. Tulipomaliza, mmoja akaja kuniuliza kama wiki ijayo tungeweza kuanza nusu saa mapema, ili na wenzake wa mtumbwi wa pili wawahi. Nilitoa daftari nikafuta saa 9 na nusu, nikaandika saa 9.