Imba kiitikio kwanza, ndipo uhesabu

Mwaka wangu wa kwanza nikipiga dramu kwenye bendi ya dansi, mwimbaji wetu mkubwa alinifuata nyuma ya jukwaa kwenye ukumbi mmoja wa harusi pale Sinza. Hakufoka. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, leo umeninyima pumzi." Wimbo wake una ubeti wa pili wenye maneno mengi, na mimi nilikuwa nimeuanzisha kwa kasi ambayo maneno hayo hayakupata pa kukaa. Kila alipofika mwisho wa mstari ilibidi ameze silabi ili auwahi mstari unaofuata. Nami nilikuwa mita tatu nyuma yake, nina furaha tele, nikiamini tunapiga vizuri kwa kuwa watu walikuwa wamejaa kucheza.

Sasa nina miaka 11 kwenye kiti cha dramu. Vijana wanaoanza huniuliza wafanye nini mwendo usiwakimbie, na wengi hudhani tatizo linaanzia katikati ya wimbo. Kwa nilivyoona, mara nyingi wimbo unaharibika kabla ya pigo la kwanza. Umetoka kupiga sebene kali, ile sehemu ya kasi ya magitaa na kucheza, moyo unadunda, jasho linakutiririka, halafu unatakiwa uhesabu moja-mbili-tatu-nne kuanzisha rumba ya taratibu. Mwili bado uko kwenye wimbo uliopita. Rumba iliyozoeleka mapigo 96 kwa dakika unaianzisha kwa 108, na kwako unaiona ya kawaida kabisa.

Dawa yangu ni sekunde nne au tano za kunyamaza. Shika vijiti, usivigonge. Imba kiitikio moyoni, mdomo ukiwa umefumba, mguu wa kushoto ukicheza juu ya pedali ya haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, bila kutoa sauti. Ukishasikia maneno yamekaa sawasawa, hesabu. Nasema kiitikio, si utangulizi wa gitaa, kwa sababu gitaa unaweza kuliwaza kwa kasi yoyote nalo likakubali. Maneno hayakubali. Kila neno lina muda wake mdomoni, na ukilikimbiza ulimi utakwambia.

Mwanzoni nilikuwa na aibu ya kuwasubirisha wenzangu hizo sekunde. Nikagundua kuwa hakuna msikilizaji anayeziona.

Jambo la pili nililijua kwa simu. Niliiweka juu ya meza ya mbali ukumbini, nikarekodi onyesho zima, kesho yake nikakaa na programu ya metronomu, inayohesabu mapigo kwa dakika, nikipima kila wimbo kwa kugonga kidole kwenye kioo. Wimbo mmoja wa dakika tisa ulianza 116 ukaishia 127. Haukupanda kidogo kidogo kama nilivyotegemea. Ulikuwa unaruka: umetulia, umetulia, halafu pigo moja au mawili juu, unatulia tena hapo. Nikarudia kusikiliza nijue unarukia wapi. Ni kila mahali nilipozungusha ngoma, yaani ule msururu wa kutoka snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, kupita tomu hadi tomu kubwa ya chini. Mikono ilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Pigo la kwanza baada ya mzunguko lilifika mapema kidogo, bendi nzima ikalipokea kama agizo.

Tangu hapo nikizungusha, mguu wa kushoto hauachi kuhesabu kwenye haihati. Mikono iende itakako, mguu unabaki. Na mizunguko nimeipunguza nusu. Hakuna mwimbaji aliyelalamika.

Kuna kosa jingine lililonichukua miaka kulitambua: kuchanganya nguvu na kasi. Rapa anaita, wanenguaji wanatoka, jamaa wanasimama kwenda kumtunza mwimbaji, na wewe unataka kuwapa zaidi. Mkono ukiongeza nguvu, kasi nayo inafuata. Ubeti ukishuka sauti, mwendo nao unalegea. Zoezi lake ni rahisi lakini linachosha: weka metronomu 100, piga mdundo mmoja ule ule kwa dakika tano, ukianza kwa sauti ya kunong'ona, ukipanda mpaka nguvu zako zote, kisha ushuke. Siku za kwanza utaachana na metronomu njiani, hasa wakati wa kushuka. Ukumbini, unapotaka moto, fungua haihati kidogo, ukandamize kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, hamia kwenye toazi kubwa. Watu watausikia moto huo bila wewe kuongeza hata pigo moja.

Ukishazoeana na metronomu, inyime kazi. Wimbo wa 100 uiweke 50, uifanye iwe inapiga pigo la pili na la nne tu. Baadaye iweke 25, ilie mara moja tu kwa kila duru ya mapigo manne. Hapo katikati hakuna wa kukushika mkono. Mimi nilikuwa nafanya hivi usiku juu ya mto wa kulalia, kwa ajili ya majirani, na mto una faida yake: haurudishi kijiti, kwa hiyo kila pigo unalinyanyua mwenyewe.

Mwalimu wangu alinipa cavacha niipige polepole wiki nzima. Ni mdundo ulioenezwa na Zaïko Langa Langa wa Kinshasa miaka ya 1970, na inasimuliwa kwamba mpiga dramu wao, Meridjo Belobi, aliupata kwenye mlio wa treni. Unajirudia bila kupumzika, ndiyo maana mkono unatamani kukimbia. Treni ikishashika mwendo inabaki nao.

Simaanishi kila wimbo uwe na kasi moja mwanzo hadi mwisho. Nyimbo zetu nyingi zinataka kupanda pale zinapoingia kwenye sebene, na zikibaki chini zinapooza. Ila kupanda huko kuwe kumepangwa. Nimebandika karatasi ubavuni mwa tomu kubwa, kila wimbo una namba mbili, kwa mfano 98 na 124. Mpiga solo anazijua, mpiga besi anazijua, mpiga tumba pia.

Kwenye kumbi kubwa, usiisikilize snea yako inayorudi kutoka ukutani. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 17 mbele yako unakurudishia pigo baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukilifuata utaburuta. Mimi humwomba fundi mitambo anipe besi ya kutosha kwenye monita, ile spika inayonigeukia jukwaani, na nikikosa monita nautazama mkono wa mpiga besi.

Na ikitokea bendi imeshakimbia, usivute breki ghafla, watu wataanguka. Toa mapambo yote, baki na kiki, snea na haihati. Mwangalie mpiga besi machoni. Subiri mahali waimbaji wanapopumua, urudishe kidogo hapo, na kidogo tena kwenye kiitikio kinachofuata.

Simu bado naiweka kwenye meza ya mbali kila onyesho. Ule wimbo wa dakika tisa tuliupiga Jumamosi iliyopita: 116 mwanzo, 118 mwisho. Hayo mawili bado nayatafuta. Nadhani yanaingia pale ninapotoka kwenye haihati kwenda kwenye toazi kubwa, mkono wa kulia unapovuka hewani, na wiki hii ndiyo kazi niliyojipa.