Nilimeza maneno 1,500 na bado nikachemka

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa binti anayejiandaa kwa SAT, ule mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani. "Kaka, nimeshakariri maneno 1,100, hata nikifumba macho naiona orodha. Lakini kwenye majaribio nakosa mpaka maneno ninayoyajua. Tatizo nini?" Nimeusoma mara tatu, maana huyo ni mimi kabisa, mimi wa mtihani wa kwanza, niliyepata 540 kwenye upande wa kusoma na kuandika kisha nikawaambia watu kompyuta ilisumbua. Kompyuta haikusumbua.

Nilikuwa na orodha ya maneno 1,500. Nilirithi kwa mtu aliyerithi kwa mwingine, kopi ya kopi, herufi zimefifia hadi "i" na "l" hazitofautiani. Kila siku maneno 30: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kiganja kinafunika kulia, mdomo unataja. Nilijiona jembe. Wenzangu wakiniuliza nimefika wapi, nawatajia namba, nao wananyamaza.

Kumbe orodha ile ilitungwa kwa ajili ya mtihani uliokwisha kufa. Zamani SAT ilikuwa na maswali ya kulinganisha jozi za maneno. Yaliondolewa mwaka 2005. Yale ya sentensi iliyosimama peke yake na mapengo ya kujazwa yakafuata 2016. Siku hizi upande wa kusoma na kuandika una maswali 54 kwa dakika 64, kila swali na kifungu chake kifupi cha maneno 25 hadi 150. Maswali ya msamiati ndiyo yanayokupokea mlangoni, mwanzo wa kila moduli, yaani kila nusu ya upande huo, na yanataka ujue neno linafanya kazi gani pale lilipokaa. Mimi nilikuwa najua maneno yangu yanavyokaa kwenye daftari tu.

Chukua "qualify". Nani asiyelijua? Kufuzu, kustahili. Sasa soma sentensi hii niliyoitunga: "She qualified her praise: the design was clever, she wrote, but only for small rooms." Sifa imefuzu nini hapo? Hakuna. Mwandishi amesifu, kisha akaiwekea sifa yake mipaka. Ile "but only" imekupa jibu lote, lakini aliyezoea kufunika upande wa kulia kwa kiganja haitazami, anakimbilia kufuzu. Ndivyo ilivyo pia kwa "check" ya kuzuia, "novel" ya kitu kipya, "temper" ya kupunguza makali. Maneno mepesi ndiyo yaliyoninyonga. Yale ya kutisha niliyoyakeshea sikukutana nayo hata matano.

Nitasema na hili, ingawa sipendi kulisema. Mwalimu mmoja aliyenifundisha bila malipo nilimwandikia barua ya shukrani, nikataka aone nilikofika. Nikaandika: "Your lessons enervate me." Kichwani mwangu neno lile lilifanana na "energy", nikajua linatia nguvu. Aliisoma kwa sauti mbele ya darasa zima. Akarudia. Kisha akaeleza kwamba nimemwambia masomo yake yananimaliza nguvu, akacheka mpaka akavua miwani. Najua hakukusudia ubaya. Lakini darasa lilinibatiza jina hilo kwa muhula mzima, na mpaka leo nikiliona neno lile masikio yanapata moto.

Usiku ule ndipo nilipofungua kamusi kubwa kwa mara ya kwanza nikasoma asili ya neno. Kilatini: "nervus", yaani kano, na mbele yake kiambishi cha kutoa nje. Kumng'oa mtu kano! Sijalisahau tena na sitalisahau. Nikaona kumbe mambo haya sisi tunayo nyumbani: ukijua -som-, unapata somo, msomi, msomaji, somesha, bila kukariri kimoja kimoja. Vivyo hivyo "bene" ni wema, "mal" ni ubaya, "vol" ni kutaka; basi "benevolent" ni anayekutakia mema na "malevolent" ni anayekutakia mabaya. Ila mizizi usiibahatishe kwa sura. "Noisome" haina kelele hata chembe. Ni kitu kinachonuka au kinachokera.

Miezi minne iliyofuata sitakuchosha nayo. Nilisoma, nikalala, nikasoma. Mara ya pili nilipata 690, na ndiyo, nilimtumia mwalimu yule picha ya matokeo bila kuandika neno lolote.

Sasa mdogo wangu, nisikilize. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zinavyopotea. Nyingi zilipotea ndani ya siku ya kwanza. Orodha isiyo na sentensi ni silabi za Ebbinghaus, na wewe unajitesa bure. Andika kadi yenye sentensi nzima, neno ukiliachia pengo. Irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Soma makala za sayansi na historia, hata kurasa mbili kwa siku, na ukikutana na neno usilolijua, bahatisha kwanza kwa maneno jirani ndipo ufungue kamusi. Sentensi, narudia. Sentensi. Na muache kutishana kwa idadi! Mtu anakuambia amefikisha 2,000, muombe atumie 10 tu kwenye sentensi zake mwenyewe uone atakavyotafuta maji ya kunywa.

Umeniuliza pia kama uichome orodha yako. Usiichome. Pitia maneno yote 1,100 na kalamu nyekundu, uzungushie yale unayodhani unayajua tangu shule ya msingi. Anza na hayo, matano leo jioni, na sentensi zake nitumie nizisome.